Mkono Uliogusa Sakafu

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika saa moja kasoro robo, shati limepigwa pasi mpaka kola inanikata shingo, na ilipofika saa nne nilikuwa nje ya geti la hospitali nikikimbia nyuma ya mgonjwa. Hakuwa ameiba kitu. Alikuwa mzee mwenye goti bovu, na mimi nilikuwa nimelipima goti lake kwa ile rula yetu ya pembe, ya plastiki yenye mikono miwili, inayosomwa kwa digrii. Nilipima kukunja, nikapima kunyoosha, nikaandika yote kwa mwandiko wa kupendeza. Msimamizi wa Idara ya Tiba ya Viungo, mama mmoja tuliyemwita Bi Mkuu, aliisoma kadi yangu kisha akanitazama juu ya miwani.

"Umepima vizuri. Mwenye goti ametoka na bakora mkono gani?"

Sikujua.

"Goti bovu ni la kulia, kwa hiyo bakora hushikwa kushoto. Yeye ameishika kulia, na wewe umemuaga kwa tabasamu. Mkimbilie. Na tangu leo usiangalie goti tu. Mwangalie mtu anavyoingia na anavyotoka."

Nilimkuta mzee kwenye stendi ya bodaboda. Nikamhamishia bakora mkono wa kushoto, akatembea hatua kumi, akashangaa, halafu akanicheka kwa jinsi nilivyolowa jasho. Nilirudi ndani nikiamini kwamba somo lile limeniingia na halitatoka tena. Lilikaa miaka mingi kweli. Likanitoka siku niliyolihitaji kuliko zote, na ndiyo maana nawaandikia ninyi vijana mlioichukua meza yangu.

Kwanza mnijue. Mimi ni mtoto wa kambi. Baba alikuwa polisi aliyetoka kaskazini, nasi tulizaliwa na kukulia katika nyumba za askari hapa Kampala, ambako kila kabila lilikuwa na mlango wake na Kiswahili ndicho kilichotuunganisha uani. Kwa hiyo hata nilipokuwa msawo, kama wanavyotuita hapa wote tuvaao koti jeupe, wagonjwa wengi walionijia walikuwa wa nyumba kama zetu: askari, wake zao, wajane wao.

Kituo changu cha pili kilikuwa Luzira, zahanati ya askari magereza. Huko ndiko nilikokutana na mabega. Mtu amebeba bunduki na kusukuma malango ya chuma maisha yake yote, na sasa hawezi kuinua mkono kuvaa kofia. Bega lenye ugonjwa huu limesagika. Ile gegedu laini inayofunika ncha za mifupa ili iteleze imelika, mfupa unakwaruzana na mfupa, na mwenyewe akijaribu kuchana nywele unasikia mlio wa changarawe. Nilikuwa na taulo za maji moto, kamba ya kupitisha kwenye kapi, na ngazi ndogo ya mbao ukutani ambayo mgonjwa hupandisha vidole kipandio kwa kipandio. Basi. Hayo ndiyo yaliyokuwa matibabu, na Afande Mkuu wa Kituo hakuwa na subira nayo.

"Musawo, huyu mutu yangu anarudi zamu lini?"

"Bega lake limesagika, Afande."

"Mimi sikuuliza limefanya nini. Nimeuliza lini."

Niliwapunguzia maumivu kwa wiki mbili tatu, yakarudi, nao wakarudi. Kuna askari mmoja nilimpandisha ile ngazi mwaka mzima na mkono wake haukupita kipandio cha tano. Alipostaafu alinishukuru sana, na shukrani ile iliniuma.

Kituo changu cha mwisho, ambako nilikaa muda mrefu kuliko kwingine kote, kilikuwa hospitali ya mifupa. Nisiitaje jina, waliofanya kazi pale wanaijua. Bosi wangu hapo alikuwa Daktari Bingwa wa Mifupa, mtu mpole, mwenye maneno machache na mwandiko mbaya kuliko wote niliowahi kuusoma. Mwanzoni alikuwa akibadilisha mabega kwa njia ya zamani. Kile kichwa cha mviringo cha mfupa wa mkono hukatwa, kisha shina refu la chuma hupigiliwa ndani ya mfupa, katikati ya uboho, na juu yake hukaa kichwa kipya cha chuma. Upande wa pili, kwenye kikombe cha bega, huwekwa plastiki ngumu. Ilifanya kazi. Ubaya wake ulionekana chuma kilipolegea baada ya miaka, au mtu alipoanguka na mfupa ukavunjika chini ya shina. Kulitoa shina lile ilikuwa kazi ya kumwaga jasho na damu.

Halafu akaleta bega lisilo na shina. Alinionyesha kile chuma mezani kwake: kifupi kuliko kidole gumba, kina mapezi madogo, kinakaa palepale juu kwenye mfupa wenye vitundu, bila kuugusa uboho wa chini.

"Hiki kinashikiliwa na nini, Daktari?" niliuliza.

"Na mfupa wenyewe. Mwanzo unakibana tu. Baadaye unakua na kukikumbatia."

"Na usipokua?"

"Ndiyo maana nina wewe," akasema, akarudi kwenye makaratasi yake.

Sasa niwaletee Nnalongo. Waganda humwita hivyo mama aliyezaa mapacha, na ni jina la heshima kubwa, kwa hiyo hatukumwita kingine. Alikuwa muuza ndizi za matoke soko la Nakawa, mjane wa polisi. Alikuwa ameishi kambini miaka mingi akajifunza Kiswahili chake huko, Kiswahili cha kupanga watu foleni. Alipoliona jina langu la kaskazini mlangoni hakuhangaika na Luganda hata kidogo, ingawa mimi naongea Luganda bila shida.

"Musawo, hii bega inanitukana," alisema siku ya kwanza. "Naweka mukungu chini, inalia. Nalala, inalia. Gomesi yangu, anifunga vifungo ni mutoto. Mimi mutu muzima, navalishwa."

Asiyeijua gomesi aelewe hivi: ni vazi la heshima la wanawake wa Buganda, lenye mabega yaliyochongoka na vifungo viwili upande wa kushoto karibu na shingo, na mshipi mpana kiunoni. Mkono wa kulia ndio unaopanda kufunga vifungo. Mkono wake wa kulia haukuwa ukipanda. Na binti yake Babirye, mmoja wa wale mapacha, alikuwa anakaribia kutambulishwa, sherehe ambayo bwana harusi na watu wake hufika nyumbani kwa wazazi wa binti kujieleza. Nnalongo alitaka kitu kimoja tu, akakisema waziwazi mbele ya Daktari Bingwa.

"Siku ya Babirye nataka kuvaa mwenyewe. Sitaki kuvalishwa kama maiti."

Daktari aliniruhusu nisimame pembeni ya chumba cha upasuaji siku hiyo. Alipokwisha kukata kile kichwa kilichosagika, aliweka kidole gumba juu ya mfupa uliobaki akabonyeza kwa nguvu. Ukibonyea kwa urahisi, mfupa ni dhaifu na inabidi kurudi kwenye shina. Haukubonyea.

"Mama huyu amebeba ndizi sawasawa," alisema chini ya barakoa. "Tunaendelea bila shina."

Jambo moja lazima mlielewe, la sivyo hadithi hii haina maana. Ili kufika kwenye kiungo, daktari huutenga msuli unaolala mbele ya bapa la bega, kisha akimaliza huushona mahali pake. Mshono ule unahitaji majuma sita kushika, na nguvu yake kamili huja baadaye zaidi. Chuma nacho kwa majuma hayohayo kimebanwa tu, hakijakumbatiwa. Mtu akiweka uzito wa mwili juu ya mkono ule, mshono unaweza kuachia, na ukishaachia, bega jipya halina maana, mkono hautapanda tena.

Ndiyo maana niliandika Karatasi ya Masharti. Niliiandika mwenyewe, kwa Kiswahili na kwa Luganda, na nilijivunia kila mstari wake. Usiegemee mikono ya kiti unapoinuka. Usivute mlango mzito. Usijikokote kitandani kwa mkono uliopasuliwa. Usijikune mgongo. Nilimsomea Nnalongo yote, akarudia neno kwa neno, akaikunja na kuitia kwenye pochi.

Kila wiki alikuja, mkono umetungikwa kwenye slingi, ule mkanda wa shingoni. Aliingia, akanisalimia, nikaitikia, akatoa mkono, nikamchezesha bega taratibu yeye mwenyewe akiwa amelegea, nikapima. Maumivu yalikuwa yameisha. Si kupungua, yameisha. Usingizi umerudi, akasema anaota tena. Pembe zilikuwa zinapanda vizuri kila wiki. Kadi yake ilikuwa nzuri kiasi kwamba niliwaonyesha wanafunzi.

Wiki ya tano kalamu yangu ilianguka.

Ilibingirika chini ya meza, nikainama kuitafuta, na wakati huohuo Nnalongo akaingia. Nikasikia sauti yake ikinisalimia, nikaitikia nikiwa kulekule chini. Na kwa kuwa nilikuwa kulekule chini nikaona. Magoti mawili kwenye simenti nyekundu. Halafu mkono wa kulia ukatoka kwenye slingi, kiganja kikatandazwa sakafuni, vidole vikafunguka, na mama mzima wa Nakawa akauegemea na kuinuka.

Sikuweza kutoka chini ya meza.

"Musawo, umepotelea wapi?" aliuliza.

Nilitoka. Nadhani uso wangu ulikuwa umebadilika, maana alikaa bila kuambiwa.

"Nnalongo, umeinukia mkono gani sasa hivi?"

Aliutazama mkono wake. "Hii."

"Mara ngapi kwa siku?"

"Kwa siku? Lakini musawo! Watu wanakuja kuniona mugonjwa. Wazee ya ukoo, faza wa kanisa, majirani ya soko. Nisalimie watu nimesimama, jamani? Mimi?" Akafungua pochi, akaitoa karatasi yangu, imekunjwa vilevile. "Yote nimefuata. Wewe uliandika kiti. Kiti mimi sigusi. Mimi nakaa kwa mukeka."

Karatasi yangu ilikuwa imetolewa kwenye vitabu vya watu wanaokaa vitini na kusalimiana wamesimama. Mwanamke wa Buganda aliyelelewa vizuri hupiga magoti kumsalimu mkubwa au mgeni, na kwetu kaskazini mama zangu walifanya vivyo hivyo. Nimeona magoti yakishuka na kupanda tangu sijajua kutembea. Ndiyo shida yenyewe. Alikuwa amepiga magoti mbele yangu kila wiki, mita mbili kutoka kwenye kalamu yangu, nami niliitikia salamu huku nikiandika tarehe.

"Imeharibika?" aliuliza, sasa kwa sauti ndogo.

"Sijui, mama."

Nilimrudishia mkono kwenye slingi, nikaenda ofisini kwa Daktari Bingwa. Nilimweleza yote bila kuficha. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Nani alimruhusu?"

"Mimi, Daktari. Si kwa mdomo. Kila wiki amepiga magoti mbele yangu, na mimi sikuangalia anavyoinuka."

Akavua miwani, akaipangusa kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Nilingojea hasira.

"Siku ya kumruhusu kwenda nyumbani alinipigia magoti wodini," alisema. "Mimi nilikuwa natia sahihi."

Tulitazamana, wanaume wawili wenye vyeti ukutani. Halafu akaamuru picha ya eksirei na kipimo cha ultrasaundi, vyote siku hiyohiyo.

Sijawahi kuogopa kazini kama nilivyoogopa saa zile mbili. Nilikaa na Nnalongo kwenye benchi la korido. Alikuwa akigusa kola ya nguo yake upande wa kushoto, pale ambapo vifungo vya gomesi hukaa. Mara moja tu alisema, "Babirye nisimwambie bado," nikamjibu asimwambie.

Picha ilitoka. Daktari Bingwa aliiweka kwenye taa pamoja na ile ya siku ya upasuaji, akapima kwa rula, akapima tena. Chuma kilikuwa palepale. Ultrasaundi ikaonyesha msuli umeshonwa na bado umeshonwa.

"Tumesalimika kwa leo," alisema. "Lakini picha haijui nguvu. Msuli wenyewe ndio utasema, na hatuwezi kuuliza kabla ya majuma kumi na mawili. Mfundishe mama huyu kupiga magoti."

"Kumkataza, Daktari?"

"Utamkataza wewe? Mfundishe."

Kwa hiyo katika umri wangu ule nilipiga magoti kwenye mkeka wa mazoezi mbele ya wanafunzi, magoti yangu yakalia, wanafunzi wakauma midomo. Nilimwonyesha: mguu mmoja mbele, kiganja cha kushoto juu ya paja, kifua juu, sukuma kwa kisigino. Mkono wa kulia ubaki kwenye slingi kana kwamba umelala. Namshukuru Mungu magoti yake yalikuwa mazima kuliko yangu. Alijaribu mara tatu, ya nne akasimama wima bila kuyumba.

"Sasa wewe unasalimia vizuri, musawo," aliniambia. "Ila unainuka kama mulevi."

Jioni hiyo niliichana Karatasi ya Masharti na kuiandika upya. Mstari wa kwanza sasa unauliza: unasalimiaje watu nyumbani, unakaa wapi, unaswali vipi. Maana nilipoanza kuuliza niligundua mengine. Muuza vipuri mmoja wa Kisenyi aliinuka kutoka kwenye sijida kwa mikono yote miwili, katika swala zote tano za kila siku, na hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba baada ya upasuaji angeswali kitini mpaka apone. Yeye tulimuuliza kabla ya kisu kumgusa.

Majuma kumi na mawili yalipofika, Nnalongo alisimama katikati ya chumba changu na Daktari Bingwa akiwa ameegemea mlango. Kipimo ni rahisi. Unaweka kiganja tumboni, unabonyeza, kifundo cha mkono kimenyooka. Msuli ukiwa mzima, kiwiko kinabaki mbele. Ukiwa umeachia, kiwiko kinakimbilia nyuma, na mgonjwa hawezi kukizuia hata akitaka.

"Bonyeza, mama."

Akabonyeza. Kiwiko kikabaki mbele.

"Bonyeza zaidi."

Akabonyeza mpaka akakunja uso, na kiwiko kikabaki mbele. Kisha bila kuambiwa na mtu akaupandisha mkono ule, ukapita kidevu, ukafika bega la kushoto, vidole vikashika kola na kufanya kama vinafunga kifungo. Cha kwanza. Cha pili. Akatutazama kama mtu anayengoja kubishiwa. Daktari Bingwa aliandika kitu kisichosomeka kwenye kadi na kuondoka haraka. Mimi nilitoka nje nikaenda bombani kunywa maji ambayo sikuwa na kiu nayo, nikasimama pale mpaka macho yakakauka. Nilikuwa na furaha kiasi kwamba nilimsamehe hata yule Afande wa Luzira.

Kwenye utambulisho wa Babirye nilialikwa. Nnalongo alitoka ndani na gomesi ya rangi ya zambarau, vifungo viwili vimefungwa, cha chini kimekaa upande kidogo. Babirye alinyoosha mkono akirekebishe, mama yake akampiga kofi la vidole.

"Acha. Nimefunga mimi."

Mkiniuliza leo mabega yale yasiyo na shina yamefanyaje, nitawaambia nilivyoona kwenye kadi zangu, si zaidi. Maumivu huondoka kwanza, mara nyingi mapema kuliko mgonjwa anavyoamini. Mwendo hufuata, nguvu huja mwisho na huja kwa uvivu. Wapo ambao mkono haukupanda kama tulivyotaka. Mmoja chuma chake kililegea, akarudi chumba cha upasuaji, na kwa kuwa mfupa wake ulikuwa umeachwa karibu mzima, kazi ya pili haikuwa vile vita vya zamani. Mfupa ukiwa laini, usilazimishe, lile shina halijaharamishwa. Na msije mkafikiri matokeo huandikwa na daktari peke yake siku moja. Yanaandikwa mkekani, msikitini, sokoni, kwa majuma mengi ambayo sisi hatupo.

Mimi sasa nimestaafu. Nalima mboga nyuma ya nyumba na napima vibaya umbali wa mistari. Ile rula ya pembe nimeiachia idara. Nasikia mna simu zinazopima zenyewe, na sina ugomvi nazo, ilimradi anayeishika ainue macho.

Siku ya kuniaga walipanga viti ukumbini, hotuba zikaanza, Daktari Bingwa akasoma maneno mawili kutoka kwenye karatasi aliyoshindwa kuisoma mwenyewe. Katikati ya hayo mlango ukafunguliwa na Nnalongo akaingia, amevaa gomesi, amekumbatia kikapu cha matoke na nanasi kwa mikono yote miwili. Akaja moja kwa moja mpaka mbele yangu. Akapiga magoti na kikapu chake.

Moyo wangu ulisimama, miaka yote ile baadaye, kama siku ile ya kalamu.

Aliniamkia kwa Luganda, kwa urefu wake wote, nyumbani hawajambo, kazi nimeifanya vizuri, nimshukuru Mungu. Akaweka mguu mmoja mbele. Kifua juu. Kisigino kikasukuma. Akapanda na kikapu kizima kifuani, mikono yote miwili imekishika, na hakuna kidole kilichogusa sakafu.

"Musawo," alisema, amesimama, "mbona huitikii salamu?"

"Nisamehe, Nnalongo," nikamwambia. "Nilikuwa naangalia."